Namna ya kufufua trekta la bustani la zamani na kuiacha rangi yake ya kiwandani

Ubavuni mwa boneti ya trekta langu, upande wa kushoto, pana sehemu yenye ukubwa wa kiganja ambako rangi ya njano imelika hadi chuma kikaonekana. Haikukwanguliwa na ukuta wala na ajali. Ni mkono wa mtu mmoja, au pengine wa watu wawili, ulioshika mahali pale pale kila boneti ilipofunguliwa kwa miaka mingi. Mtu akiipiga msasa boneti hiyo na kuipulizia rangi mpya atapata boneti nzuri, lakini alama ya ule mkono itakuwa imekwenda, wala hakuna duka linaloiuza. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu anayetaka trekta lake liwake, livute na likate majani kama lilivyokusudiwa, huku ngozi yake ya nje ikibaki ile ile iliyotoka nayo kiwandani.

Trekta ninalolitolea mfano ni Cub Cadet ya kwanza kabisa, ile ambayo wapenzi wa mashine hizi huiita Original. Kampuni ya International Harvester iliitengeneza hapa Louisville, Kentucky, ninapoishi, tangu mwanzo wa miaka ya 1960 hadi mwaka 1963, katika kiwanda kile kile kilichokuwa kikitoa trekta la shambani la Farmall Cub tangu mwaka 1947. Ina injini ya Kohler K161 ya silinda moja na nguvu za farasi 7, na nguvu hiyo hupelekwa kwenye giaboksi kwa mkanda; matoleo ya 70 na 100 yaliyofuata mwaka 1963 yaliacha mkanda yakatumia shafti. Mwili wake ni wa njano na rimu ni nyeupe. Sisi tuliofika mji huu kutoka Kongo, Burundi na kwingineko, tukapata vipande vya ardhi vya kulima mboga, tunayakuta matrekta haya kwenye minada ya vifaa vya shamba na katika gereji za majirani wazee, mara nyingi yakiwa hayajawashwa kwa miaka. Ninayoyaeleza yanafaa pia kwa Wheel Horse za South Bend, Indiana, na kwa John Deere 110 iliyoanza kuuzwa mwaka 1963, kwa sababu nyingi kati ya hizo zina injini za Kohler za ukoo huo huo na zilipakwa rangi za mafuta zinazozeeka kwa namna inayofanana.

Hakikisha kwanza kwamba rangi ni ya kiwandani

Trekta la umri wa miaka 60 huenda limeshapakwa rangi upya mara moja au zaidi, na si lazima anayekuuzia awe anajua. Ushahidi wa kuaminika uko katika sehemu ambazo fundi wa rangi mwenye haraka hazifikii, yaani chini ya kiti, nyuma ya betri, ndani ya boneti, na pale ambapo vipande viwili vya bati hukutana. Ukikuta rangi imerukia tairi, mpira wa mafuta au nyaya, ilipulizwa baadaye. Alama iliyo wazi kuliko zote ni mashimo ya kutu yaliyofunikwa na rangi: chuma kilipoingia kiwandani kilikuwa laini, kwa hiyo rangi iliyolala juu ya mashimo hayo imekuja baada ya kutu.

Hatua inayofuata ni kujua kama rangi hiyo bado imeshika. Pitisha ukucha kwenye kingo za sehemu zilizolika. Rangi iliyofifia, iliyokuwa kama chaki, iliyokwaruzwa au yenye madoa ya kutu inaweza kuokolewa, na kwa kweli nyingi huwa katika hali hiyo. Rangi inayonyanyuka kama magamba ya samaki, kwa sababu kutu imeshatambaa chini yake, haiokoleki, na trekta lililofika huko katika sehemu kubwa ya mwili wake ni afadhali lipakwe upya kwa uaminifu kuliko kuachwa lioze kwa jina la uasilia. Ukiwa na shaka, lowesha kitambaa safi kwa maji na ukipitishe kwenye boneti: rangi unayoiona wakati bati likiwa na unyevu inakaribiana sana na ile utakayoipata mwishoni, baada ya kuing'arisha na kuipaka nta. Jaribio hilo la dakika moja limenizuia zaidi ya mara moja kulipuuza trekta ambalo likiwa kavu lilionekana la kijivu.

Jikinge na madini ya risasi na asbesto

Rangi nyingi za njano na za chungwa za enzi hizo zilitiwa kromati ya risasi, yaani kemikali ya njano yenye madini ya risasi ambayo ni sumu, na nchini Marekani rangi za majumbani zenye risasi zilipigwa marufuku mwaka 1978 tu. Vijiti vya kupimia risasi vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini mimi nakushauri uichukulie rangi yoyote ya njano ya wakati huo kuwa inayo, hata kabla ya kupima. Maana yake ni kwamba usipige msasa mkavu, usitumie brashi ya waya kwenye mashine inayozunguka, usiichome rangi kwa moto, uvae glavu, uoshe mikono kabla ya kula, na usiwaruhusu watoto kucheza mahali unapofanyia kazi. Vipande vya rangi vilivyodondoka viokote kwa kitambaa chenye maji. Bitana za klachi na za breki, pamoja na baadhi ya gasketi, huenda zina asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, kwa hiyo vumbi lake lisipeperushwe kwa hewa ya kompresa. Lilowe kwanza, kisha lifutwe.

Piga picha kabla ya kuosha

Watu wengi huosha ndipo wapige picha, na hilo ni kosa, kwa sababu uchafu wenyewe hukuonyesha mahali oili inapovuja, waya upi ulipita wapi, na nati ipi ilifunguliwa karibuni. Piga picha za kila upande, halafu za kila kiungo, na uandike kwenye daftari namba iliyo kwenye bati la mashine na ile ya injini. Chunguza chini ya kiti na ndani ya boneti, kwani huenda ukakuta alama za kalamu ya nta zilizoandikwa na wakaguzi wa kiwandani, na alama hizo hazivumilii sabuni hata kidogo.

Kuosha

Mashine ya kuoshea kwa presha ibaki mahali pake. Maji yenye nguvu huingia chini ya ukingo wowote wa rangi uliokwisha kunyanyuka na kuubandua, tena hujipenyeza kwenye beringi, kwenye boksi la usukani na ndani ya jenereta. Kinachohitajika ni ndoo mbili za maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo ya kuoshea vyombo, sponji, brashi laini, na vitambaa vingi vya pamba ambavyo hutasikitika kuvitupa. Osha sehemu ndogo ndogo, kila moja ukiisuuza na kuikausha kabla ya kwenda nyingine, ili maji yasipate muda wa kukaa kwenye chuma kilicho wazi.

Gundi ya grisi, majani na vumbi iliyoganda kwenye giaboksi na chini ya fremu ishughulikiwe kwa subira, kwa sababu ndiyo iliyoilinda rangi kwa miaka yote hiyo. Ikwangue kwa kijiti cha mbao au kipande cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi. Kisha pakaza mafuta ya taa kwa brashi, subiri dakika kumi, ufute, urudie, na mwishoni uoshe kwa sabuni. Nilipolikwangua giaboksi la Cub Cadet yangu, tabaka la mwisho lilibanduka kwa kipande kimoja kama ukoko wa ugali, na chini yake ikatokea njano iliyokoza na kung'aa ambayo haikuwahi kuliona jua tangu siku ilipopakwa. Sikuwa nimejua mpaka wakati huo jinsi boneti ilivyofifia.

Thina, asetoni na kimiminika cha kusafishia breki huyeyusha rangi za zamani, na oili ya breki yenyewe huibandua. Sabuni za kuondolea grisi zenye magadi makali huichubua rangi na kuitia alminiamu weusi. Dawa yoyote mpya uijaribu kwanza mahali pasipoonekana na uache usiku mmoja upite. Stika za kiwandani zisisuguliwe wala zisiloweshwe; zifutwe tu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kutoka katikati kwenda nje, kwani ukingo ulionyanyuka ukishavutwa na kitambaa haurudi.

Kufungua bila kuumiza

Rangi nyingi hupotea katika hatua hii, tena mikononi mwa mafundi wazuri, kwa sababu fundi aliyezoea kazi ya kupaka upya hajali boliti ikitoka na duara la rangi. Kiwandani rangi ilifunika kichwa cha boliti na bati lililo chini yake kwa pamoja, kwa hiyo vitu hivyo viwili vimeshikana kama vimegandishwa. Chukua wembe mpya au kisu chembamba na uizungushe ncha yake taratibu kwenye mpaka wa boliti na bati, ili rangi ikatike hapo badala ya kupasuka ovyo. Baada ya hapo tumia spana ya boksi yenye pembe sita, inayobana nyuso za boliti, na uweke kipande cha mfuko mwembamba wa plastiki kati ya spana na kichwa. Hapo boliti hutoka ikiwa na rangi yake yote.

Boliti zilizoshikwa na kutu zidondoshewe mafuta ya kupenya kila jioni kwa siku kadhaa, huku ukizigonga kidogo kwa nyundo ya shaba na kuyafuta mafuta yaliyochuruzika, kwa maana yakiachwa juu ya rangi iliyokuwa kama chaki huacha doa. Moto wa gesi usitumike karibu na bati lililopakwa rangi. Kuna kifaa cha umeme kinachopasha boliti peke yake kwa koili inayozungushiwa kichwa chake, bila ndimi za moto, na mwenye kupanga kufufua trekta zaidi ya moja atapata faida akinunua. Panapokataa kabisa, ni afadhali kukata boliti moja na kuitafutia mwenzake kuliko kuchoma rangi yenye upana wa sahani.

Ninakuonya pia kuhusu tepu za karatasi zenye gundi, ambazo wapaka rangi huzibandika ili kukinga sehemu wasiyotaka kuigusa. Katika kazi yangu ya kwanza nilibandika vipande viwili pembeni ya boneti ili nisiikwaruze nilipokuwa nikiitoa, nikajiona mwangalifu. Nilipobandua siku ya tatu, kipande kimoja kiliondoka na utepe wa rangi wa urefu wa kidole changu cha shahada, na pale palipokuwa na njano pakabaki kijivu cha rangi ya msingi. Utepe huo ninao hadi leo kwenye bahasha ndani ya daftari. Tangu siku hiyo nakinga rangi kwa blanketi kuukuu na kamba za pamba, na sibandiki chochote chenye gundi juu ya rangi ya zamani.

Kila boliti, nati na washa viingie kwenye mfuko wake wenye maandishi, na kila boliti irudi kwenye tundu lake lile lile, kwa sababu kichwa chake kimefifia sawa na bati lililokizunguka. Boliti ya upande wa jua ikihamishiwa upande wa kivuli, hata mgeni ataiona.

Mitambo ifanywe mipya kabisa

Kanuni ninayoifuata ni kwamba ngozi iachwe, ila kisichoonekana kifanywe vizuri kuliko kilivyokuwa. Trekta lenye rangi ya kiwandani ambalo halina breki ni hatari tu.

Anza kwa kutoa plagi, kumimina vijiko viwili vya oili ndani ya silinda, kuacha usiku mmoja, kisha kuizungusha injini kwa mkono. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani na uitazame kama ina chembe za chuma. Injini hizi za Kohler hazina pampu ya oili; kijiko kilicho chini ya koneti rodi, yaani fimbo inayounganisha pistoni na kranki, huichota na kuirusha kila mahali, na ndiyo sababu kiwango cha oili kikishuka kidogo koneti rodi huwa ya kwanza kuvunjika. Weka oili ya SAE 30 kwa majira ya joto na upime kila unapotaka kuwasha.

Pointi za moto, yaani swichi ndogo inayokata umeme ili plagi itoe cheche, zisafishwe au zibadilishwe, na nafasi yake iwe milimita 0.5. Ukitaka kupata wakati sahihi wa cheche, tazama kwenye tundu dogo la kuchungulia flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini: pointi zinapaswa kuanza kufunguka pale herufi S inapofika katikati ya tundu. Kondensa ya zamani, kile kifaa kidogo kinachozilinda pointi zisiungue, usiiamini. Kabureta ifunguliwe yote, ioshwe na ipulizwe, na sindano yake kuu ifungwe polepole mpaka iguse bila kubanwa, halafu ilegezwe mizunguko kama miwili ili injini iweze kuwaka. Marekebisho ya mwisho yafanywe ikiwa imepata moto.

Petroli inayouzwa hapa kwa kawaida huwa na ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hula mipira ya zamani na kuvuta unyevu, kwa hiyo mpira wa mafuta uwe mpya. Tangi lenye kutu ndani linaweza kusafishwa kwa asidi ya sitriki iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto pamoja na kipande cha mnyororo cha kutikisia, lakini zungushia mdomo wake vitambaa vilivyolowa, kwa maana tone la asidi likitiririka ubavuni mwa tangi huacha mchirizi usiofutika.

Trekta nyingi za wakati huo, yangu ikiwa mojawapo, zina mashine moja ya Delco-Remy inayofanya kazi ya stata na ya jenereta kwa pamoja, ikizungushwa kwa mkanda. Ukishaifungua na kuirudisha, au ukibadilisha betri, ni lazima uioneshe upya upande wake wa umeme, yaani upi ni chanya na upi ni hasi: injini ikiwa imezimwa, gusisha kwa kipande cha waya mguu ulioandikwa BAT na ule ulioandikwa GEN au ARM kwenye regyuleta, kifaa kinachodhibiti kuchajiwa kwa betri, kwa nukta moja tu, mpaka uone cheche ndogo. Wengi wamenunua jenereta mpya kwa sababu ya kutolijua jambo hili. Nyaya zilizopasuka zibadilishwe zote, na mipya ipite njia zile zile zilizo kwenye picha zako.

Mikanda, sili za oili, bitana za breki na beringi zenye kelele zibadilishwe bila huruma. Tairi zikitolewa kwenye rimu nyeupe, mitalimbo ya chuma huzikwangua vibaya, kwa hiyo kata vipande vya dumu la plastiki uvilaze kwenye ukingo wa rimu kabla ya kuingiza mtalimbo. Siku ya kuwasha kwa mara ya kwanza, boneti ibaki ndani ya nyumba. Kabureta iliyotoka kufungwa huvuja, oili hurushwa, betri hutema, na yote hayo hayapaswi kuangukia rangi uliyoihangaikia.

Kutu iliyo juu ya rangi na iliyo kwenye chuma

Hizi ni kutu mbili tofauti na kila moja ina dawa yake. Ya kwanza ni doa la rangi ya chai lililochuruzika kutoka kwenye boliti au mkwaruzo na kulala juu ya rangi nzima. Doa hili huondolewa kwa asidi ya oksaliki, ambayo huuzwa kama unga wa kung'arishia mbao. Yeyusha kijiko kimoja cha chakula kwenye lita moja ya maji ya uvuguvugu, ukiwa na glavu na miwani, na usiivute vumbi yake, kwa kuwa ni sumu. Lowesha pamba, ilaze juu ya doa, ifunike kwa plastiki isikauke, na uikague kila baada ya dakika kumi. Doa huanza kupauka, kisha hupotea, na rangi iliyo chini hubaki ilivyokuwa. Suuza kwa maji mengi yaliyotiwa baikaboneti ya kuokea, halafu kwa maji matupu, ukaushe mara moja. Jaribu kwanza mahali pa siri, kwa kuwa rangi nyeupe na za njano hazipokei asidi kwa namna moja.

Kutu ya pili ni ile ya chuma kilicho wazi, kama pale pa kiganja kwenye boneti yangu. Hapa hutaki kung'arisha mpaka chuma kiwe cheupe, bali kuondoa unga mwekundu na kuacha ule weusi mgumu ulio chini yake. Tumia pamba ya chuma laini kabisa, namba 0000, iliyotiwa oili nyepesi, ukisugua ndani ya mpaka wa sehemu iliyo wazi bila kugusa ukingo wa rangi. Kwa chembe zilizosimama, senti moja ya Marekani ya kabla ya mwaka 1982 ni kifaa kizuri, kwa sababu karibu yote ni shaba nyekundu, ambayo ni laini kuliko chuma cha bati. Dawa zinazogeuza kutu kuwa nyeusi mimi sizitumii sehemu za nje, kwa maana haziondoki tena; nazipaka kwenye boksi la betri tu, ambalo asidi imeshalila na ambalo lisipodhibitiwa litatoboka.

Kung'arisha na kupaka nta

Tabaka la juu la rangi ya mafuta iliyochomwa na jua hugeuka unga, na ndilo linalofanya trekta lionekane limekufa. Chukua dawa laini ya kung'arishia magari, kiasi cha punje ya harage, uipake kwa kitambaa cha pamba na usugue kwa mkono. Kitambaa kitakuwa cha njano. Usishtuke, ndiyo rangi iliyokufa inavyoondoka, lakini tambua kwamba kila unachokiona kwenye kitambaa kimetoka kwenye akiba isiyoongezwa. Kwenye kingo, mikunjo na vichwa vya boliti rangi ni nyembamba kuliko mahali pengine, kwa hiyo huko pita mara moja tu, au usipite kabisa. Rangi ikianza kubadilika kidogo na kuonyesha kivuli cha rangi ya msingi, acha hapo hapo. Mashine ya kung'arishia hairuhusiwi katika kazi hii. Inatoa kwa nukta chache kile ambacho mkono hutoa kwa nusu saa, na hukupa muda mdogo mno wa kuona kosa. Kwa maoni yangu trekta hung'arishwa hivi mara moja katika umiliki wa mtu mmoja, na baada ya hapo ni nta peke yake.

Nta iwe ya karnauba au ile inayotumika kwenye majumba ya makumbusho, ipakwe nyembamba, isuguliwe, irudiwe kesho yake. Inaziba vinyweleo vya rangi, inakizuia chuma kilicho wazi kisipate unyevu, na mtu wa baadaye akitaka kuiondoa ataiondoa kwa urahisi. Kigezo hicho cha mwisho ndicho ninachokitumia kuamua karibu kila jambo. Kwa kigezo hicho nakataa vanishi inayopuliziwa juu ya rangi ya zamani, ambayo hufungia unyevu ndani, hugeuka njano na hatimaye hubanduka pamoja na rangi iliyo chini yake. Kwa kigezo hicho hicho situmii mafuta ya kitani, ingawa yana wapenzi wengi kwa sababu siku ya kwanza huifanya rangi ipendeze sana. Yakishakauka huwa utando unaoshika vumbi, unaokuwa mweusi na ambao ni shida kuutoa. Mwenye kuyachagua ajue pia kwamba vitambaa vilivyolowa mafuta hayo, vikiachwa vimekunjamana, hupata joto vyenyewe na kuwaka moto, kwa hiyo vitandazwe nje mpaka vikauke au vizamishwe kwenye ndoo ya maji.

Vipande vilivyokosekana na vipya

Kishawishi kikubwa ni kununua kikopo cha rangi na kugusagusa palipolika. Rangi mpya haitalingana na iliyofifia, na hata ikilingana mwaka huu, mwaka ujao itakuwa imeachana nayo. Sehemu iliyo wazi ikikingwa kwa nta inatosha. Panapohitajika kipande kizima, tafuta cha trekta lingine la zamani chenye uchakavu unaofanana, na kama hakipatikani, weka kipya na ukiache kionekane kuwa kipya. Nimeona watu wakichoma boliti mpya kwa siki ili zipate kutu ya uongo. Mimi sikubaliani nalo, kwa sababu anayekuja kulisoma trekta hilo kesho hataweza kujua kipi ni cha kweli. Kipande chochote nilichokiongeza nakigonga mwaka kwa ndani, mahali ambapo spana ikifika utauona.

Kuunganisha na kutunza

Rudisha bati kwa mpangilio wa picha zako, ukianza boliti zote kwa vidole kabla ya kukaza yoyote, maana boliti iliyokazwa mapema hulivuta bati na kulisugua kwenye fremu. Palipokuwa na washa ya zamani irudi hiyo hiyo; ukiweka yenye upana zaidi itakanyaga rangi ambayo haijawahi kukanyagwa.

Baada ya hapo tumia trekta. Likitoka kazini lipangushwe majani mabichi siku ile ile, kwa sababu maji ya nyasi huila rangi, na lisioshwe kila mara bila sababu. Mji wetu uko kando ya Mto Ohio na kiangazi chake kina unyevu mwingi, kwa hiyo nalihifadhi ndani, juu ya mbao, likiwa limefunikwa kwa shuka la pamba. Turubai la plastiki hukusanya jasho chini yake, na kufikia Oktoba utakuta vidoa vya kutu ambavyo havikuwapo Juni. Kabla ya baridi namwaga petroli yote, naiacha injini iwake mpaka kabureta ikauke, natoa betri, na kupaka nta pale pa kiganja mara mbili, kwa sababu ndipo mkono wangu nami unaposhika kila ninapofungua boneti.